Ugumu wa Risasi na Nyumba Inamoyeyushwa

Kiswahili kilipolipokea neno risasi kutoka Kiarabu, kililipa kazi mbili. Risasi ni metali laini ya kijivu, nzito kuliko chuma, ambayo fundi wa betri na mvuvi wa mshipi wanaifahamu kwa mikono yao. Na risasi ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki. Kwa kawaida mgongano huo wa maana humkera anayeandika juu ya tiba, kwa sababu akitaja sumu ya risasi, msomaji hufikiria jeraha na damu. Katika mada ya makala hii maana zote mbili hukutana ndani ya chungu kimoja, kikiwa motoni.

Nchini Marekani wapo wamiliki wengi wa bastola ambao hununua au kuokota madini ya risasi, wakayayeyusha nyuani au katika banda la gari, wakayamimina katika kalibu na kupata vichwa vya risasi kwa matumizi yao wenyewe. Anayefanya hivyo kwa matumizi binafsi hatakiwi na sheria ya shirikisho kuwa na leseni. Wengine hufanya hivyo kwa kubana matumizi, wengine kwa sababu madukani bidhaa huadimika, na wengine, pengine walio wengi, kwa fahari ya kutengeneza kitu kwa mkono. Katika Afrika Mashariki kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, na makala hii haikusudii kumfundisha mtu namna ya kulikwepa hilo. Hata hivyo swali wanalojiuliza Wamarekani hao mbele ya chungu chao linamhusu daktari wa Dar es Salaam au Mombasa kuliko inavyodhaniwa. Wanauliza: metali iwe ngumu kiasi gani, ichanganywe na nini, na itoke wapi? Maswali hayo matatu huzungumzwa kwa undani unaostahili heshima, ila aghalabu huachwa nje mtu aliyesimama juu ya chungu, na watoto walio nyuma ya mlango.

Ugumu wenyewe hupimwa kwa kipimo cha Brinell, kilichobuniwa na mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, mwaka 1900. Kigololo kigumu hukandamizwa juu ya metali kwa uzito unaojulikana, kisha upana wa shimo linalobaki husomwa na kugeuzwa kuwa namba. Madini ya risasi yakiwa safi hupata namba 5 hivi, laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha. Ukitia sehemu moja ya stani, ile metali ya kulehemea, kwa sehemu ishirini za risasi, namba hupanda hadi karibu 10. Vipande vya kusawazishia magurudumu ya gari, vya aina ya zamani, huwa kati ya 9 na 12. Mchanganyiko mmoja mashuhuri wa wamiminaji, wenye asilimia 90 ya risasi, 5 ya stani na 5 ya antimoni, hufika 15. Metali ya herufi za chapa zilizotumika katika mitambo ya linotype, yenye antimoni asilimia 12 hivi, hufika 22.

Katika orodha hiyo, namba zinapopanda, kinachoongezeka hasa ni antimoni, jamaa ya ule wanja wa manga uliotajwa katika kamusi za kale. (Wanja nao una kesi yake: sampuli za masoko kadhaa duniani zimekutwa zikiwa ni risasi yenye salfa, si antimoni kamwe. Hilo lingoje siku nyingine.) Pamoja na antimoni huja aseniki kidogo sana, chini ya sehemu moja katika mia. Kidogo hicho huwezesha kichwa cha risasi kilichotumbukizwa majini kingali cha moto kuwa kigumu zaidi kuliko kingepoa polepole hewani.

Mwanzoni mmiminaji huamini kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho bora. Hofu yake ni utando: chembe za risasi zinazobanduka na kuganda katika mifuo ya mtutu, zikiharibu shabaha na kumlazimu kusugua kwa muda mrefu. Akili ya kawaida humwambia kwamba metali laini ndiyo inayobanduka, hivyo dawa ni kuikaza. Wazoefu wa kazi hiyo wamekwisha kuonesha kwamba mambo ni kinyume kwa bastola nyingi. Kichwa cha risasi kinapaswa kuziba mtutu barabara ili gesi ya baruti isipenye pembeni. Kikiwa kigumu kupita nguvu ya baruti iliyo nyuma yake, hakitanuki. Gesi hupenya, huunguza kingo zake, na utando uleule uliokimbiwa hutokea. Kipenyo kinachozidi tundu la mtutu kwa sehemu moja ya elfu ya inchi hufaa kuliko pointi kumi za Brinell. Elmer Keith, mwandishi wa silaha aliyechangia kuzaliwa kwa bastola ya .44 Magnum katika miaka ya 1950, alifahamika kwa kupendelea sehemu moja ya stani kwa kumi na sita za risasi, mchanganyiko usiofikia ugumu wa vichwa vingi vinavyouzwa leo kama vigumu. Kwa bastola za kasi ya wastani, mfano .38 Special ya kale, ugumu wa kati ya 8 na 12 hutosha.

Kwa daktari habari hiyo ya mafundi ni njema, na inashangaza kwamba haijatumiwa. Ikiwa bastola ya kawaida haihitaji metali ngumu, basi mwenye kuimimina hana haja ya mapishi marefu. Risasi safi yenye asili inayojulikana na stani kidogo humtosha. Anapoanza kupanda ngazi za ugumu bila sababu, hupanda pia ngazi za hatari, kwa kuwa antimoni na aseniki hazinunuliwi dukani kama chumvi. Hupatikana ndani ya vyuma chakavu, na vyuma chakavu huja na historia isiyoandikwa popote.

Historia hiyo imebadilika katika miaka ya karibuni. Metali ya herufi za chapa ilikuwa nyingi magazeti yalipoachana na mitambo ya linotype, kisha ikapungua mwaka hadi mwaka. Vipande vya magurudumu navyo vinatoweka: California ilipiga marufuku vya risasi kuanzia mwaka 2010, na Ulaya ilikuwa imetangulia kuvizuia katika magari mapya. Siku hizi ndoo ya vipande hivyo kutoka gereji huwa na chuma na zinki tele. Mtu aliyezoea kupata ugumu wake bure hujikuta akitupia jicho chanzo cha mwisho kilichobaki kwa wingi, nacho ni betri ya gari.

Hapo ndipo ushauri wa daktari hauna budi kuwa mkali. Betri ya gari isifunguliwe nyumbani, kwa risasi ya bastola wala kwa jambo jingine lolote. Tindikali yake ni sababu ya kwanza na inayoonekana. Sababu ya pili haionekani. Sahani za betri za kisasa hutiwa kalsiamu badala ya antimoni. Kalsiamu hiyo ikikutana ndani ya chungu na aseniki au antimoni kutoka katika chakavu kingine, huungana nazo na kuelea kama povu. Povu hilo likitolewa, likatupwa uani na kupata unyevu, hata wa umande tu, linaweza kutoa gesi za arsini na stibini. Arsini huvunja chembe nyekundu za damu. Mgonjwa aweza kuondoka penye kazi akijiona mzima, akakaa saa kadhaa bila dalili kubwa, kisha akaanza kuumwa tumbo, kukojoa mkojo wa rangi ya damu iliyoiva na kuwa na manjano machoni. Figo hufuata. Dawa zinazotumiwa kuondoa metali mwilini hazizuii uharibifu huo. Hospitali kubwa hutegemea kubadilisha damu na kusafisha figo kwa mashine. Yote hayo ni kwa ajili ya pointi tano za ugumu ambazo bastola haikuzihitaji.

Wamiminaji wana jibu lao maarufu kila wanapoonywa juu ya afya, na jibu hilo linastahili kusikilizwa kwa sababu nusu yake ni kweli. Husema: risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, nasi tunamimina chini ya nyuzi 400 au juu yake kidogo, risasi huchemka kwa nyuzi 1749, mvuke utatoka wapi? Fizikia yao ni sahihi. Katika joto la chungu chao mvuke wa metali ni kidogo mno, na miongozo ya afya kazini ya Uingereza nayo huichukulia kazi ya kuyeyusha chini ya nyuzi 500 kuwa na hatari ndogo ya mvuke kuliko ile ya juu ya kiwango hicho. Kasoro ya jibu ni kwamba linajibu swali ambalo mwili haukuuliza. Risasi haimwingii mmiminaji kwa njia ya mvuke peke yake, wala mara nyingi si kwa mvuke hasa. Humwingia kwa vumbi.

Vumbi hilo lina vyanzo vinavyoonekana kwa macho kwa anayejua pa kutazama. Juu ya metali iliyoyeyuka hutanda ngozi ya kijivu au ya manjano, ambayo ni risasi iliyoungana na oksijeni pamoja na uchafu. Wahunzi wa chuma wana jina lisilo la adabu kwa takataka ya namna hiyo. Mmiminaji huiondoa kwa kijiko na kuikung'uta pembeni, nayo ikipoa hugeuka unga mwepesi kama majivu. Hapo hakuna mvuke hata chembe, ila unga hupepea, hutua juu ya meza, katika nywele, katika mikunjo ya suruali na juu ya kikombe cha chai. Anayechukua ufagio mkavu baada ya kazi huurusha tena hewani. Anayetumia mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi hufanya vibaya zaidi, kwani chembe zilizo ndogo kuliko zote hupenya mfuko na kutokea upande wa pili. Halafu kuna vidole. Vichwa vya risasi huokotwa, huchambuliwa, hupimwa na kupakwa mafuta kwa mkono, na mkono huohuo hushika sigara au karanga.

Mwili wa mtu mzima hunyonya sehemu moja katika kumi hivi ya risasi iliyomezwa. Mtoto mdogo aweza kunyonya hadi nusu. Tofauti hiyo peke yake yatosha kuonesha kwa nini mmiminaji mwenye afya njema si kipimo cha usalama wa nyumba yake. Ikishaingia katika damu, risasi hukaa humo kwa takriban mwezi mmoja kabla ya nusu yake kuondoka. Lakini kuondoka huko kwa sehemu kubwa ni kuhamia mifupani, kwa kuwa mwili huifananisha na kalsiamu. Mfupa huihifadhi kwa miaka makumi. Mwanamke aliyekula vumbi la risasi akiwa msichana aweza kumkabidhi mwanawe tumboni sehemu ya akiba hiyo, mifupa inapofungua ghala lake la kalsiamu wakati wa ujauzito. Katika damu risasi huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza himoglobini. Katika neva za mtu mzima aliyepata nyingi hulegeza kiganja kikaning'inia. Katika utumbo huleta msokoto na kufunga choo, maumivu ambayo yamewahi kuwapeleka wagonjwa kwenye kisu cha mpasuaji bila sababu. Kwa kiasi kidogo haileti ishara yoyote ila shinikizo la damu linalopanda na figo zinazochoka, mambo ambayo kila mtu wa makamo huyahesabu kuwa ni ya umri.

Kwa mtoto, Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani mwaka 2021 kilishusha alama yake ya kumtambua mtoto aliyepata risasi kuliko wenzake kutoka mikrogramu 5 hadi 3.5 kwa desilita. Linganisha na kanuni ya kazini ya nchi hiyohiyo, iliyowekwa mwaka 1978, ambayo kwa viwanda vya kawaida inamwondoa mfanyakazi kwenye risasi kwa kipimo cha mikrogramu 60, na kumrejesha akishuka chini ya 40. Namba hizo ni za zama nyingine, na wataalamu wengi wa afya kazini wamekwisha kusema kwamba ni kubwa mno. Pamoja na upungufu wake, zina jambo moja ambalo mmiminaji wa nyumbani hana: yupo mtu anayelazimika kumpima. Anayeyeyusha uani kwake ni mwajiri, mfanyakazi na mkaguzi kwa pamoja, na wakaguzi wa namna hiyo huridhika upesi.

Hapa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki asifikiri kwamba anasimuliwa mambo ya ng'ambo. Chubwi la mshipi na vizito vya nyavu vimekuwa vikimiminwa katika vijiji vya wavuvi kwa vizazi, mara nyingine kwa sufuria iliyowahi kupika wali na ambayo huenda ikapika tena. Chubwi haihitaji ugumu wowote. Hata risasi iliyo laini kuliko zote humfaa mvuvi. Lakini metali anayoipata kwa urahisi ni ya betri, ile ile inayomjaribu Mmarekani kwa sababu ya ugumu wake, na povu lake ni lile lile. Tofauti ni kwamba Mmarekani ana mezani kipimajoto na vitabu, ilhali kijana wa ufukweni ana kopo na kuni, na moto wa kuni haujui nyuzi 400.

Kwa kiwango kikubwa zaidi, bara hili limekwisha kuona risasi ya betri inavyofanya. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, Dakar, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo watu walikuwa wakivunja betri na kuchekecha mchanga uliojaa risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kilifanya kazi jirani na makazi ya watu tangu mwaka 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akaanza harakati zilizomletea Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya mivutano ya rufaa Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo mwaka 2024. Chungu cha uani hakilingani na tanuri la kiwanda, na itakuwa udanganyifu kuvilinganisha. Njia ya risasi kutoka motoni hadi kinywani mwa mtoto ndiyo iliyo moja: udongo, nguo, vidole.

Haki yadai pia kusema yale ambayo wamiminaji husema na madaktari hupuuza. Kwa mpiga shabaha, chungu mara nyingi si chanzo kikubwa kuliko vyote. Fataki inayowasha baruti katika risasi nyingi bado ina kiwanja cha risasi, na ukumbi wa shabaha wa ndani wenye hewa mbovu waweza kumpandishia mtu kiwango cha damu kuliko mwaka mzima wa kumimina kwa uangalifu. Maganda yaliyotumika, yanaposafishwa ndani ya pipa linalozunguka, hutoa vumbi baya kupita lile la chunguni. Daktari anayemkataza mgonjwa kumimina bila kumuuliza anapiga shabaha wapi, amefanya nusu ya kazi. Na wapo waliomimina miaka arobaini kwa usafi, wakapimwa kila mwaka, wakabaki na damu nzuri. Watu hao ni ushahidi kwamba kazi hii yaweza kufanywa kwa nidhamu. Si ushahidi kwamba jirani yao asiye na nidhamu yu salama, ijapokuwa jirani huyo huwataja kila mara.

Nidhamu yenyewe haina siri. Kazi ifanyike nje au chini ya bomba la kuvuta hewa, isiwe jikoni, wala chombo chake kisirudi jikoni kamwe. Joto lipimwe, lisikisiwe. Povu likitolewa liingie katika kopo lenye kifuniko, lifunikwe palepale, wala lisimwagwe chini ya mwembe. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Nguo za kazi zisiingie kikapu kimoja na za mtoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kuliwa. Maji yawekwe mbali na metali iliyoyeyuka, kwani tone moja likizama chini ya risasi ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuirusha yote juu. Macho yaliyoungua kwa namna hiyo hayarudi yalivyokuwa, na miwani ya kinga ni rahisi kuliko upasuaji wa kioo cha jicho. Kwa anayetaka ugumu, kuna njia ya miaka ya karibuni ambayo mganga hana sababu ya kuipinga: kichwa cha risasi laini hupakwa rangi ya unga inayookwa ikawa ganda. Ganda hilo huzuia utando mtutuni hata kwa metali laini, na hupunguza risasi inayogusana na vidole. Tanuri la kuokea, bila shaka, lisiwe lile la mikate.

Upimaji ndio unaosahaulika. Mtu anayeyeyusha risasi kwa mapenzi yake, au kwa riziki yake, apimwe damu ya mshipani kabla ya msimu na baada yake, na watoto wa nyumba hiyo wapimwe hata kama yeye ana namba nzuri. Kipimo cha tone la kidole chafaa kuanzia, ilimradi kidole kimeoshwa vizuri sana, kwani chembe moja ya vumbi juu ya ngozi hutosha kuleta jibu la uongo. Kiwango kikikutwa juu, tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo. Dawa za kuvuta risasi mwilini zina mahali pake kwa viwango vikubwa na kwa watoto walio hatarini, na zina madhara yake. Kumpa mtu dawa hizo huku akirudi chunguni Jumamosi ni kumfungulia risasi mlango wa kuingia na wa kutokea kwa wakati mmoja.

Mwisho kuna karatasi ya kliniki. Fomu nyingi za kumpokea mgonjwa huuliza kazi yake, naye hujibu mwalimu, dereva au mkulima, na jibu likaandikwa. Hakuna anayemuuliza mwalimu huyo kwamba jioni humimina machubwi ya kuuza, wala dereva kwamba betri za zamani za gereji hupitia uani kwake kabla ya kwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mwenye msokoto wa tumbo usioeleweka, upungufu wa damu usioponywa na vidonge vya madini ya chuma, shinikizo la damu lililopanda mapema au mtoto anayerudi nyuma shuleni bila sababu, anastahili kuulizwa kwa upole na bila vitisho vya polisi: nyumbani kuna anayeyeyusha risasi? Akijibu ndiyo, swali linalofuata ni lile la mmiminaji mwenyewe: metali hiyo mnaitoa wapi?